Duka la nguo mtandaoni ukiwa Dodoma: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina duka la nguo za kike na sweta pale Majengo, na kwa miaka kadhaa sasa nauza pia kwa tovuti. Wenzangu wa sokoni, wanafunzi wa UDOM wanaouzia nguo hosteli, hata mafundi cherehani wa Chang'ombe na Nkuhungu, huniuliza yale yale: mbona watu hawanioni Google, mbona wakiniona hawanunui, na huo ufikivu unaousema kila siku ni kitu gani. Nimeyakusanya hapa kama yanavyokuja. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine yanatosha sentensi mbili.

Ufikivu ni nini, na duka la nguo linahusikaje?

Ni mteja yeyote kuweza kuijua nguo, kuichagua na kuilipia mwenyewe, kwa macho, masikio, mikono na simu aliyo nayo. Asiyeona husikiliza ukurasa kwa kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wengi wenye ualbino, hukuza maandishi. Kiziwi hawezi kukupigia simu kuuliza bei. Mwenye mkono unaotetemeka hukosa kitufe kidogo. Na bodaboda aliyeegesha juani saa saba mchana, simu yake imepasuka kioo, naye hayaoni maandishi yako ya kijivu.

Mimi nilifunguliwa macho na mwalimu mmoja asiyeona. Alikuja dukani na binti yake, akaniambia, "Dada, jana usiku nimehangaika na duka lako la mtandaoni mpaka nimelala." Nikamwomba anionyeshe. Akaweka simu juu ya kaunta, akaanza kutelezesha kidole, na simu ikawa inasema: "Picha. Kitufe. Elfu thelathini na tano. Kitufe. Picha. Kitufe. Elfu arobaini. Kitufe." Akaniuliza kwa upole, "Hiki cha elfu thelathini na tano ni gauni au ni viatu?" Ukurasa ule ulikuwa na magauni 14, na hakuna hata moja lililotajwa kwa jina. Niliumia sana. Mama wa watu alikuwa na hela na nia ya kununua, nami nilikuwa nimemfungia mlango.

Hilo linahusianaje na kuonekana Google?

Linahusiana moja kwa moja. Google inapopita kwenye tovuti yako inategemea sana maneno: kichwa cha ukurasa, maelezo ya nguo, maelezo ya picha, jina la faili, viungo. Inaweza kutambua baadhi ya vitu pichani, lakini haiwezi kujua kwamba gauni lina bitana, kwamba kitambaa hakichuji, au kwamba unalo mpaka saizi 22. Alichosikia mwalimu pale kaunta ndicho Google nayo ilichokuwa inaambulia kwangu: picha, kitufe, bei.

Nilipoanza kuandika kila nguo kwa maneno kwa ajili ya mwalimu yule, ndipo wageni wakaanza kuingia kutoka Google, na yale maswali ya WhatsApp ya "linafika wapi?" na "lina mfuko?" yakapungua. Kazi ilikuwa hiyo hiyo moja.

Maelezo ya picha niyaandikeje?

Sehemu hiyo kwenye tovuti huitwa "alt", na karibu kila mfumo wa duka una kisanduku chake unapopakia picha. Wengi hukiacha wazi. Wengine huandika "gauni" basi. Wengine, na hili ni baya zaidi, hujaza "gauni magauni nguo nzuri Dodoma bei nafuu magauni ya kitenge" wakidhani wanaiteka Google. Google imekwisha kusema kwamba kurundika maneno namna hiyo kunaweza kuufanya ukurasa uonekane wa taka. Na hebu fikiria mtu anayesomewa huo mrundikano mara 14 mfululizo.

Andika kama unavyomwelezea mteja kwa simu. Gauni langu mojawapo lina picha tatu, na nimeziandika hivi. Ya kwanza: "Gauni la kitenge la bluu lenye maua ya njano, mikono mifupi, marinda kuanzia kiunoni, linafika chini ya magoti." Ya pili: "Mgongo wa gauni hilo: zipu ndefu iliyofichwa, hakuna mpasuo." Ya tatu: "Kitambaa kwa karibu, maua yana ukubwa wa kiganja." Usianze na "Picha ya", kwa sababu kisoma skrini kimeshatamka kwamba ni picha. Na picha za mapambo tu, kama ule mstari wa maua juu ya ukurasa, ziachie alt tupu kabisa ili zirukwe.

Rangi ziite kwa majina ambayo watu wanayatumia. "Damu ya mzee", "maziwa", "kijani cha jeshi": mteja wa Dodoma anaielewa damu ya mzee kuliko jina lolote la kigeni ulilolikuta kwenye lebo. Mtu aliyezaliwa haoni atakuuliza pia rangi, kwa sababu anataka kujua kilemba gani kitaendana nayo.

Na maelezo ya nguo yenyewe?

Hapa ndipo pesa ilipo. Fungua mazungumzo yako ya WhatsApp ya mwezi uliopita, uone wateja walikuuliza nini kabla ya kulipa. Kitambaa kinawasha? Kinaonyesha ndani? Kinapanda kikifuliwa? Kuna lastiki kiunoni au zipu? Naweza kunyonyeshea? Kila swali lililojirudia mara tatu, jibu lake liweke kwenye ukurasa wa nguo.

Kisha ongeza yale ambayo mtu wa hapa peke yake ndiye anayeyajua. Upepo wa Dodoma wa Juni na Julai unajulikana. Sketi nyepesi ya shifoni isiyo na bitana itamsumbua mteja akiteremka daladala, mwambie. Nyeupe na vumbi letu, mwambie inafulika vipi. Sweta ya mikono mirefu ni ya asubuhi, kwa sababu saa sita jua linakuwa limeshachoma. Maelezo kama hayo hayapo kwenye tovuti nyingine yoyote, na Google hupenda ukurasa wenye kitu ambacho kurasa nyingine hazina.

Usichukue picha na maneno ya muuzaji wa jumla wa Kariakoo ukabandika. Zile picha zimeshabandikwa na maduka mia. Tundika gauni kwenye hanga, lisogeze dirishani saa tatu asubuhi, piga kwa simu yako. Mwanga wa dirisha unatosha.

Niweke bei au niandike "bei njoo inboksi"?

Weka bei. Tafadhali weka bei. "Njoo inboksi" humfukuza mwenye aibu, mwenye haraka, mwenye bando kidogo na mwenye kuhofia kwamba bei itapandishwa akishajulikana anafanya kazi wizarani. Ukitaka bidhaa zako zionekane kwenye orodha za bidhaa za Google kupitia Merchant Center, bei ni lazima, na iwe ile ile iliyo kwenye ukurasa. Iandike kwa maandishi, "Sh 35,000", isiwe imechorwa juu ya picha.

Watu wa huku wanatafuta kwa maneno gani?

Kwa maneno ya mdomoni. Nilikuwa nimeandika "vazi la mama mtarajiwa" kwa sababu niliona ni la heshima. Nilipofungua Search Console, zana ya bure ya Google inayokuonyesha watu waliandika nini hadi wakakuona, nikakuta "dera la mjamzito". Nikabadilisha kichwa cha ukurasa siku hiyo hiyo. Zana hiyo hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo Juni ya mwaka huu unaweza kuilinganisha na Juni iliyopita, na kwa duka la masweta hiyo ni hazina.

Tahajia nazo hutofautiana: kanga na khanga, tisheti na t-shirt, jinzi na jeans. Google mara nyingi huelewa, ila kisanduku cha kutafutia cha duka lako mara nyingi hakielewi. Kijaribu mwenyewe. Mteja akiandika "jinzi" akajibiwa "hakuna bidhaa", wakati rafu imejaa jinzi zilizoandikwa "jeans", atajua huna.

Kisa kimoja cha hapa kwetu. Nilikuwa na ukurasa unaosema "Tunaleta nguo Mtumba", nikikusudia kule kwenye Mji wa Serikali. Wakanijia watu wanaotafuta mitumba. Sasa naandika "Mji wa Serikali Mtumba", na ukurasa umeanza kuwapata watumishi niliowakusudia. Nawe kama unauza mitumba kweli, andika "nguo za mtumba, daraja la kwanza" na utaje aina, jaketi, sweta, nguo za watoto, ili usichanganywe na eneo.

Kile kisanduku cha zamani cha "maneno muhimu" ambacho baadhi ya watengeneza tovuti bado wanakulipisha wakujazie, achana nacho. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Tovuti iwe ya Kiswahili au Kiingereza?

Kama wateja wako ni wa Dodoma, Singida, Kondoa na Mpwapwa, Kiswahili. Lakini mwambie fundi wako wa tovuti aitambulishe lugha ndani ya msimbo, yaani maandishi ya ndani yanayoiunda tovuti: lang="sw". Isipofanywa hivyo, kisoma skrini kinaweza kusoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, na "gauni la njano" likawa kitu ambacho hata mwenyewe hukielewi. Ni marekebisho ya dakika moja. Tovuti nyingi za nyumbani nilizozipekua zimeandikwa "en", yaani Kiingereza, kwa sababu tu kiolezo, ule muundo uliotengenezwa tayari, kilikuja hivyo.

Duka langu ni zito kufunguka. Nifanyeje?

Anza na picha. Simu ya kawaida leo hutoa picha ya MB 3 hadi 5. Weka picha 20 za MB 4 kwenye ukurasa mmoja, tayari umemtaka mteja ateketeze MB 80 kabla hajaona chochote. Mwenye bando la siku hawezi, na akiwa Bahi au Hombolo mtandao ukisuasua ndiyo kabisa.

Punguza upana ufike pikseli 1,000 hivi, kisha hifadhi kwa umbo la WebP, ambalo kwa kawaida ni dogo kuliko JPEG kwa ubora ule ule. Tovuti ya Squoosh hufanya hivyo bure kwenye kivinjari. Picha zangu nyingi sasa hazizidi KB 120 na bado unaona uzi wa pindo. Taja pia upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, ili ukurasa usirukeruke wakati unafunguka. Mtu anabonyeza "Nunua", ukurasa unashuka, anajikuta amebonyeza kitu kingine.

Google ina vipimo vyake: picha au maandishi makubwa ya kwanza yaonekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya mtikisiko wa ukurasa isizidi 0.1. Zana yake ya PageSpeed Insights itakupimia bure. Pima upande wa simu, kwa kuwa Google siku hizi huangalia toleo la simu kwanza.

Ile video inayojicheza yenyewe juu ya ukurasa na muziki wake, iondoe. Inakula bando, na muziki unafunika sauti ya kisoma skrini.

Rangi na ukubwa wa maandishi vina shida gani?

Kijivu chepesi juu ya nyeupe ndiyo shida kubwa, kwa kuwa violezo vingi vinakuja nacho. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka utofauti wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kwa lugha ya vitendo: juu ya nyeupe, kijivu chenye namba ya rangi #767676 ndicho karibu cha mwisho kupita, chepesi zaidi ya hapo kinaanguka. Nyeupe juu ya njano haipiti kabisa, hata kama ndiyo rangi ya duka lako. Toka nje na simu saa saba mchana usome ukurasa wako juani; utakubaliana na huo mwongozo.

Usimzuie mteja kukuza ukurasa kwa vidole viwili. Baadhi ya watengeneza tovuti hufunga ukuzaji ili "muundo usiharibike", na wanaoumia ni walewale wenye uoni hafifu. Na usitegemee rangi peke yake kusema jambo: kama saizi iliyoisha inaonyeshwa kwa wekundu tu, andika pia neno "imeisha".

Saizi zinanisumbua. Nguo zinarudishwa kila mara.

Kwa sababu "L" ya kiwanda kimoja ni "XXL" ya kingine. Andika vipimo vya nguo yenyewe kwa utepe: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Weka inchi na sentimita pamoja, maana fundi cherehani na wateja wake wanafikiri kwa inchi. Liwe jedwali la maandishi. Jedwali nililokuwa nalo lilikuwa picha iliyopigwa kutoka kwenye karatasi, halisomeki na kisoma skrini, halikuziki bila kuwa ukungu, na Google hailitegemei. Nilikesha usiku mmoja nikayaandika yote upya, na marejesho yakashuka kiasi cha kuhisi mkononi.

Ongeza sentensi moja kuhusu mtu aliyevaa pichani: urefu wake na saizi aliyovaa. Wanawake wenye miili mikubwa huniandikia kwamba hiyo sentensi ndiyo iliyowafanya wanunue.

Mteja anajaza kikapu halafu anapotea kwenye malipo. Kwa nini?

Hapa kaa chini na simu yako ununue kitu dukani kwako kwa hela halisi. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta vikwazo vinne, na vyote vimo kwenye maduka mengi.

Cha kwanza, kulazimishwa kufungua akaunti. Kiondoe, jina, namba ya simu na mahali pa kupeleka vinatosha.

Cha pili, namba ya simu. Fomu yangu ilikuwa inakubali namba inayoanza na 255 tu, bila nafasi. Mteja aliyeandika 07 au 06, au aliyeweka +255, anaambiwa "namba si sahihi", bila kuelezwa kwa nini. Mwambie fundi mfumo uzikubali zote na ujipangie wenyewe. Na kosa likitokea, lisemwe kwa maneno karibu na kisanduku chenyewe: "Namba ya simu ina tarakimu 9 tu, inatakiwa 10." Kumwambia mtu "sahihisha sehemu nyekundu" hakumsaidii asiyeona wala asiyetofautisha rangi. Kila kisanduku kiwe na jina lake juu, linalobaki pale hata akianza kuandika. Maandishi hafifu yanayotoweka ndani ya kisanduku hayatoshi.

Cha tatu, Lipa Namba. Wengi tumeibandika kama picha ya kile kibao cha ukutani. Haikopiki, haisomwi. Iandike kwa tarakimu, ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, kisha andika jina litakalotokea mteja akiiingiza. Watu wameibiwa sana mtandaoni. Jina likifanana na la duka, moyo unatulia.

Cha nne, muda. Mfumo unapomtumia mteja ombi la kuweka namba ya siri, mtu anayetumia kisoma skrini anahitaji muda zaidi kulifikia, kulisikiliza na kurudi. Kikapu changu kilikuwa kinajifuta baada ya dakika mbili. Sasa kinakaa hadi kesho yake, na ombi linaweza kutumwa tena kwa kitufe kimoja. Fumbo la "chagua picha zenye taa za barabarani" nalo liondoe kwenye malipo.

Anayetaka kulipa akipokea mzigo, mruhusu kwa mjini. Kwa mikoani mimi hutaka malipo kwanza, nami naliandika hilo wazi kabla hajaanza kujaza kikapu.

Mahali pa kupeleka paandikweje?

Usimlazimishe postikodi. Weka kata au mtaa, kisha kisanduku cha "maelekezo ya kufika": nyumba ya geti jeusi, nyuma ya msikiti, mkabala na duka la dawa. Gharama zitaje mapema: bodaboda kwenda Area C kiasi gani, Kisasa kiasi gani, Ihumwa kiasi gani, na mzigo wa basi kutoka stendi ya Nanenane kwenda Kondoa au Singida kiasi gani. Gharama inayochomoza hatua ya mwisho huvunja oda nyingi kuliko bei ya nguo.

Kama mteja anaweza kuja kuchukua mwenyewe, sema kama mlangoni kuna ngazi. Kwangu zipo mbili, nimeziandika, na mwenye kiti mwendo anajua kwamba akipiga honi au akituma ujumbe tunamtokea nje na nguo zake.

Kariakoo imesogea karibu. Nitashindana nayo vipi?

Ni kweli, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mtu anaweza kwenda Dar na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa bei ya jumla hutawaweza. Shindana kwa ukaribu: nguo kufika leo jioni, kubadilisha saizi kesho, kupima dukani. Na uyajue majira ya hapa. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, mji unajaa wageni wanaohitaji suti na magauni ya ofisini. Baridi inashika Juni. Vyuo vikifunguliwa wanafunzi wanahitaji nguo za kila siku, na mahafali yana mahitaji yake. Ukurasa wa msimu uandae wiki kadhaa kabla, na mwaka unaofuata tumia anwani ile ile ya ukurasa badala ya kutengeneza mpya, umeshajijengea jina.

Si Instagram inatosha?

Instagram inaleta watu, nami ninayo. Lakini kule mteja hawezi kuchuja "saizi 16, mikono mirefu, chini ya elfu hamsini", na akaunti ikifungiwa asubuhi moja umepoteza duka. Tovuti yenye anwani yako ya .co.tz ni kiwanja chako mwenyewe. Instagram iwe kibao cha barabarani kinachoelekeza huko. Kule nako kuna sehemu ya kuandika maelezo ya picha; itumie, na video zenye maneno ziwekee maandishi kwa ajili ya viziwi.

Kuonekana kwenye Ramani za Google kunahitaji tovuti?

Hapana. Fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google, ni bure. Weka jina halisi la duka bila kulirefusha kwa matangazo, saa za kufungua, simu, picha ya mbele ya duka. Waombe wateja walioridhika waandike maoni, na uyajibu hata yale machungu. Maoni ya kununua usiyaguse.

Kuna programu-jalizi, programu ndogo ya kuongezea kwenye tovuti, inayodai kurekebisha ufikivu wote kwa mstari mmoja wa msimbo. Ninunue?

Usinunue. Haiwezi kujua gauni lako lina marinda. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitaka kampuni moja ilipe dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo hiyo kuhusu programu yake. Hela hiyo mpe kijana akupunguzie picha na kuandika maelezo.

Nitajipimaje mwenyewe bila mtaalamu?

Washa TalkBack, kisoma skrini cha simu ya Android: Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Kabla ya kuiwasha jifunze kuizima, kwa sababu miguso yote hubadilika: kutelezesha kulia ni kwenda mbele, kugonga mara mbili ni kufungua. Kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA ya bure. Sasa fumba macho, ujaribu kununua nguo moja mpaka kulipa. Pale utakapokwama, paandike. Kwenye kompyuta, weka kipanya pembeni ujaribu safari hiyo hiyo kwa kitufe cha Tab na Enter tu.

Bora zaidi, mlipe mtu asiyeona akufanyie jaribio hilo. Huko Chamwino tuna Buigiri, shule ya wasioona ya miaka mingi, na mjini wapo wahitimu wengi wa vyuo wanaotumia visoma skrini kila siku. Mlipe kama unavyomlipa fundi, ni kazi.

Nguo ikiisha, nifute ukurasa wake?

Kama itarudi, acha, andika "imeisha" na uweke pa kuacha namba ya kujulishwa. Kama hairudi kamwe, elekeza anwani yake kwenye aina inayofanana. Ukifuta tu, kila aliyetumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp anakutana na ukuta.

Kuna sheria za kuzingatia?

Ukishaanza kukusanya majina, simu na mahali watu wanapoishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu; ilianza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume yake. Usibandike skrini za mazungumzo ya wateja zenye namba zao kama ushahidi kwamba unauza. TIN na risiti ni kama duka lingine lolote.

Matokeo yataonekana baada ya muda gani?

Google kuukuta ukurasa mpya inaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa, na kupanda kwenye maneno yenye ushindani ni miezi. Marekebisho ya malipo yanaonekana wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na malipo, kisha nguo zako 10 zinazouzika zaidi, picha na maelezo yake. Nguo 300 zilizobaki zifuate taratibu, tano kwa siku.

Na mteja akikwama kabisa?

Weka namba ya simu na ya WhatsApp juu ya kila ukurasa, yote mawili, kwa kuwa kiziwi ataandika na asiyeona huenda akapenda kupiga au kutuma sauti. Yule mwalimu hanipigii tena. Mwezi uliopita oda yake iliingia saa nne usiku: gauni la damu ya mzee, saizi 18, lenye mifuko, lipelekwe getini. Kwenye maelekezo aliandika, "Mwambie bodaboda aite jina langu, nitatoka."